Draivu Iliyorudi Imenyooshwa

Mwizi hanisumbui sana. Mwizi ukimkamata unajua la kumfanya. Anayenitia hasira mpaka leo ni mtu mwema wa Muleba, fundi mwenzangu wa vitu vya kale, aliyeniharibia kwa roho safi kabisa.

Tuko wachache mkoani tunaohangaika na draivu za flopi, zile mashine za kusomea diski laini ambazo kompyuta zilitumia zamani, kabla ya flashi. Watu hutucheka. Mke wangu huiita sebule yetu ya Kashai jalala lenye televisheni. Tunazinunua kwenye stoo za ofisi zilizofungwa, tunazifungua, tunazisafisha, tunazifufua, kisha tunarushiana picha kwenye kundi letu la simu kama wazee wanaoonyeshana ng'ombe.

Wenzangu wanafanya kwa raha zao. Mimi nilikuwa na sababu. Baba alifariki kabla sijaanza kutembea, na kila nilipomuuliza mama habari zake alianza kulia, nikaacha kuuliza. Mama alikuwa mchapaji katika ofisi moja ya kahawa hapa Bukoba. Siku moja akaniambia kwamba yale yasiyomtoka mdomoni ameyaandika, saa za chakula cha mchana, kwenye kompyuta ya ofisi: baba alivyokuwa akicheka, alichopenda kula, walivyogombana, alivyokuja kwao Nyanga kumposa. Alipofariki aliniachia diski tatu ndani ya bahasha.

Diski zile hazikusomeka kwenye draivu yoyote niliyokuwa nayo. Sikushangaa. Draivu ikizeeka, kichwa chake cha kusomea husogea pembeni kidogo, ikawa inaandika upande. Inajielewa yenyewe, lakini nyingine zote haziambulii kitu. Kwa hiyo niliisaka ileile aliyoitumia mama, nikaipata kwenye stoo ya ofisi yake, chini ya magunia matupu, nikainunua. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Mkanda wa mpira unaozungusha diski ulikuwa umeyeyuka.

Mwenye mkanda wa akiba alikuwa yule wa Muleba. Nilimpelekea mwenyewe, nikamwambia mbele ya mke wake, "Badilisha mkanda tu. Kichwa usikiguse."

"Nimekuelewa, ndugu yangu."

Labda alielewa, lakini adabu ikamzidi. Kundi letu lina desturi tuliyotoka nayo majumbani. Kwetu mama akiazima kikapu kwa jirani, hakirudishi kitupu, ataweka hata ndizi mbili. Nasi mtu akikabidhiwa draivu atengeneze kitu kimoja, huirudisha ameongeza jambo: amefuta vumbi, amepaka mafuta. Yeye alininyooshea kichwa. Alilegeza skrubu, akafuta alama ya rangi nyekundu iliyokuwa ikionyesha mahali kilipokaa miaka yote, akakiweka sawa kwa diski yake ya kupimia. Halafu akapiga picha, akatuma kwenye kundi: "Sasa inasoma kama imetoka kiwandani." Wote wakamwekea dole gumba.

Niliingiza diski ya kwanza ya mama. Haikusoma. Ya pili vilevile, na ya tatu. Nikaingiza diski ya kupimia aliyoniachia humohumo, ikasoma yote bila kukwama. Kichwa kilikuwa kimenyooka, maandishi ya mama yalibaki upande. Nilitamani kuitupa draivu ziwani pamoja na mkanda wake. Nikampigia.

"Nilikwambia usikiguse kichwa."

"Waitu, ndugu yangu, kilikuwa kimekaa upande! Ningekurudishia hivihivi tu? Ungenionaje?"

"Ningekuona mtu anayesikia."

Baada ya hapo akanitumia mkungu wa ndizi kwa basi. Mke wangu akazipika, watoto wakazisifu. Mimi nilikula mkate.

Ilibaki njia moja, kukipeleka kichwa upande tena, kidogo kidogo, nikibahatisha kilipokuwa. Ubaya ni kwamba diski za umri ule hazivumilii kupitiwapitiwa. Kila jaribio linazikwangua. Nililijua hilo vizuri, lakini ningefanya nini, nizitunze nizikwe nazo? Diski mbili ziliisha hivyo, hazikutoa hata neno. Nilimchukia yule bwana kwa kila mzunguko wa bisibisi, na nilimchukia zaidi kwa sababu sikuweza kumwita mbaya.

Kwenye ya tatu, kioo cha kompyuta kikajaa herufi za takataka, na katikati yake kikatokea kipande cha maandishi ya mama, safi, bila kosa hata moja la uchapaji: "hakuweza kusimulia jambo likafika mwisho, kicheko kilimtangulia, nami nikawa namwambia"

Nikasogeza skrubu kidogo tu, nipate yanayofuata. Draivu ikapiga kelele ya kukwaruza. Nikaizima haraka, nikaifungua. Kichwa kilikuwa kimegandwa na vumbi la kahawia, na diski ilikuwa na duara tupu, unaona mwanga upande wa pili. Lile vumbi ndilo lililobeba maneno. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikampangusa baba.