Kijapani cha Saluni ya Mama

Ninakiri kwamba ninajua Kijapani. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, hata mbele ya wenzangu wa chuo wanaponiuliza naongea lugha ngapi, kwa sababu Kijapani changu kina maneno matatu tu, na yote matatu ni ya maumivu. Siwezi kuagiza chai kwa Kijapani, wala kumsalimu mtu. Ninachoweza ni kulalamika.

Lugha hiyo hunijia na harufu ya nywele bandia zinazounguzwa ncha. Mama alikuwa na saluni katikati ya Durban, juu ya duka la viatu, miaka michache baada ya sisi kufika kutoka Bukavu. Dirisha lilitazama robot, ile taa ya njia panda, na kutwa nzima teksi zilipigiana honi chini yetu kama mawifi waliokosana. Ndani kulikuwa na mvuke wa maji moto ya kuchovyea misuko, redio isiyozimwa, na wanawake waliocheka kwa Kifaransa na kusengenya kwa Kiswahili. Mimi, mtoto wa miaka kama tisa, nilikaa kwenye stuli ya plastiki nikimpa Mama rasta fungu kwa fungu. Jumamosi jioni ilikuwa zamu ya kichwa changu, nami nilianza kulia kabla chanuo halijanigusa.

"Acha sinema, Furaha," Mama alisema. "Hata sijaanza!"

Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa na neno moja tu la shughuli hii, inauma, nami nilikuwa nimelitumia mpaka likachakaa. Baadaye sana, vitabuni, nilikutana na maneno kama kuchonyota na kupwita, nikasikitika kwamba yalichelewa kunifikia.

Bi Haruko, ambaye mumewe alifanya kazi bandarini, alikuja siku moja kusukwa. Nywele zake ziliteleza kama tambi zilizotiwa mafuta, kwa hiyo Mama alilazimika kukaza mkono. Yule mama hakulia. Alitoa taarifa. "Chikuchiku," alisema kwa utulivu, na Mama akaendelea. "Hirihiri." Mama akalegeza kidogo. "Zukizuki!" Mama akaacha kabisa.

Nilimuuliza kwa ishara maana yake nini. Alinidonoa mkono kwa ncha ya chanuo: chikuchiku. Akatoa ulimi akaupepea kama aliyekula pilipili: hirihiri. Kisha akachukua vidole vyangu viwili, akaviweka pembeni mwa paji la uso wake, pale mshipa unapopiga, tukangoja pamoja. Zuki, zuki. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi kutoka ndani.

Hatukuona ajabu. Sisi wenyewe tulikuwa na mvua ya rasharasha, giza totoro na kimya jii. Baada ya wiki chache saluni nzima ilikuwa inaumia kwa Kijapani. "Maman, taratibu, iko hirihiri!" mteja alilalamika, na mwenzake akamjibu, "Hirihiri hiyo si ya misuko, ni ya bwana yako!" Mama peke yake hakuyatamka. Aliyaita milio ya paka.

Jumamosi moja sikio lilinianza. Mama alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja, na sheria yake ilikuwa kwamba nusu kichwa hakiachwi, hata jengo likiwaka moto. Nilimwambia inauma. "Acha sinema." Nikamwambia tena, nikaambiwa nisogeze rasta. Ndipo nikasema, "Mama, zukizuki." Mikono yake ilisimama. Aliweka vidole viwili nyuma ya sikio langu, akatulia kidogo, akavua aproni. Yule mteja alibaki na upande mmoja wa simba na mwingine wa bibi harusi, nasi tukakimbilia kliniki, ambako nesi alikuta jipu limejificha ndani.

Kaka yangu Amani husema neno ndilo lililoniokoa, na kwamba Mama aliyashika maneno yale kuliko sisi sote. Mimi nilibisha. Nilisema Mama aliona uvimbe; kwamba ile haikuwa lugha, ilikuwa milio tu; na kwamba Mama aliisahau siku Bi Haruko alipohama.

Saluni sasa ni duka la simu. Mama anaishi peke yake mtaa wa Umbilo, ana kisukari, na mimi humpigia kila jioni kusikia jibu lilelile, kwamba yu mzima: "Niko bien." Wiki iliyopita kandambili mpya zilimchubua mguu. Mimi na Amani tukaogopa, maana kwa mwenye sukari kidonda cha mguu si cha kuchezea. Tulimbembeleza aende hospitali, akatuambia kule iko foleni, na kidonda chenyewe ni kidogo, na tuache sinema.

Jana asubuhi simu yangu iliita. Ilikuwa yeye, ambaye hapigi kamwe, hungoja kupigiwa. Nilisikia redio yake, kisha akaizima.

"Furaha."

"Naam, Mama. Mguu unauma?"

Nilisikia pumzi yake, na nilijua, kama ninavyokijua kiganja changu, kwamba ameinama, vidole viwili juu ya kifundo cha mguu, anangoja.

"Iko zukizuki, mwanangu."

"Vaa gauni, Mama," nilisema, funguo za gari zikiwa tayari mkononi. "Ninakuja."