Swali la Kumi na Saba

Wanafunzi wa Dakta Aloyo walikuwa watu wazima. Walikuwa na watoto, na wengine walikuwa na vyeo serikalini, nao walikuja chuoni kutafuta shahada ya uzamivu. Lakini kila Alhamisi saa tatu asubuhi, mama huyo mfupi wa Kiacholi alipoingia darasani na kuweka mkoba wake mezani, waliinamisha vichwa kama watoto wa darasa la nne. Walijua atakaloanza nalo. Hakuuliza nadharia, wala wamesoma vitabu vingapi. Alimnyooshea mmoja kidole akasema, "Kesho ukiamka, utakwenda wapi, utamwuliza nani, na utamwuliza nini?"

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kupanga utafiti na kuandika maandiko ya kuombea ufadhili. Aliifanya kwa miaka kumi na tisa, na ujuzi wake hakuupata kwa wepesi. Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, binti wa Sajini Ocira. Kambini Waacholi, Waiteso na Walugbara waliishi mlango kwa mlango, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kugombana na kupatana. Alipofika kwenye shahada yake ya uzamivu alituma ombi la ufadhili mara tatu, na mara tatu likarudi. Maprofesa walimpa pole. Aliyemwambia ukweli ni Nelima, karani wa idara, aliyekuwa akimpigia chapa.

"Mwanangu," Nelima alimwambia, "karatasi hii nimeichapa mara tatu, na mpaka leo sijui unataka kufanya nini."

Aloyo alienda kulia chooni. Kisha akarudi, akavuta kiti karibu na meza ya Nelima, akamweleza kwa mdomo. Alichokisema siku ile ndicho alichokiandika, na mara ya nne alipewa. Nelima amekwisha kufariki, lakini Aloyo hakumaliza muhula hata mmoja bila kumtaja mbele ya darasa kwa jina lake kamili.

Mwaka juzi akapata mwanafunzi aliyeitwa Hortense. Alikuwa muuguzi kutoka Bukavu, mwanamke wa miaka arobaini, aliyefika Kampala kama mkimbizi na kuhudumia kwa miaka minane wodi ya watoto walioungua. Kifaransa alikimudu, Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kwao, ila Kiingereza kilimtoka kwa kusukumwa. Darasani alikaa nyuma na kunyamaza. Andiko lake la kwanza lilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Alitaka kwenda wilaya sita, kuwafuatilia watoto elfu mbili.

"Hortense, una miguu mingapi?" Aloyo alimwuliza.

"Miwili, Mama Mwalimu."

"Karatasi yako inataka arobaini."

Wenzake walicheka, na Hortense akaangalia chini. Aloyo aliona kwamba maneno yake yamechoma, na baada ya kipindi akamwita ofisini, akamwekea chai.

"Acha Kiingereza kwanza," akasema. "Niambie kama unavyomwambia dada yako. Ni nini kinachokusumbua?"

Hortense alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Mtoto anaungua asubuhi," akasema. "Uji wa moto, chai, ao anaangukia sigiri ya makaa. Analetwa hospitali jioni, kidonda kimeshaharibika. Siku nzima ilikwenda wapi? Hilo najiuliza miaka minane."

Aloyo alichukua kalamu, akaiandika sentensi ile nyuma ya ukurasa wa kwanza, neno kwa neno. "Andiko lako ni hili," akasema. "Yale mengine ni nguo tu."

Walianza kuchana. Wilaya sita zikawa mtaa mmoja, Kisenyi, chini ya mteremko wa Mengo. Watoto elfu mbili wakawa familia themanini. Dodoso lilikuwa na maswali sitini na moja, na Aloyo akalipitia kwa kalamu nyekundu mpaka yakabaki ishirini. Swali la kumi na saba liliuliza: Nani alikuwa na mtoto alipoungua? Aloyo alilikata, akaandika pembeni: "Si lazima. Mama yupo, ataeleza mwenyewe."

Zilibaki wiki tatu kabla ya kutuma. Aloyo alikuwa na sharti moja lisilo na msamaha: kila mwanafunzi lazima akatembee siku moja mahali atakapofanyia utafiti. Haikuwa kukusanya taarifa, kwa sababu kibali cha kamati ya maadili kilikuwa hakijatoka. Ilikuwa kuona tu kama ratiba iliyoandikwa mezani inaweza kutembea njiani. Hortense akaenda Kisenyi na mwenyekiti wa mtaa. Ratiba yake ilisema atawakuta akina mama nyumbani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi.

Walibisha milango kumi na miwili ya vyumba vya kupanga. Kumi na mmoja ilikuwa na kufuli. Akina mama walikuwa soko la Owino tangu alfajiri, wakiuza nyanya, viatu na nguo za mitumba. Mwishoni mwa ua mmoja walimkuta mwanamke akimenya karanga, na watoto saba wakicheza mbele yake. Aliitwa Sharifah. Kati ya wale saba, wake alikuwa mmoja.

Hortense alijitambulisha kuwa muuguzi, akaeleza kazi anayotaka kuileta mtaani. Hakuuliza swali lolote, lakini Sharifah alimwita mvulana mmoja mdogo, akainua mkono wake. Kovu lilianzia kwenye kiwiko likafika begani.

"Huyu ni wa jirani," alisema. "Alivuta sufuria ya uji. Mimi nilimwaga maji, nikafunga kitambaa, nikakaa naye. Mama yake napiga simu, hashiki. Owino ni kelele. Nikangoja mpaka jioni."

"Hospitali si iko karibu?"

"Iko karibu, nyabo. Lakini mtoto si wangu. Wakiuliza mama yuko wapi, nasema nini? Akinifia njiani, nani atanielewa?"

Hortense alirudi nyumbani kwa miguu, hakutaka hata kupanda boda. Siku aliyoitafuta miaka minane alikuwa ameonyeshwa ndani ya dakika kumi.

Alhamisi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, Hortense aliinua mkono. Alisimama akiwa ameishika ile karatasi yenye mistari myekundu.

"Mama Mwalimu, naomba nirudishe swali la kumi na saba."

Aloyo alihisi joto likimpanda shingoni. Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kurudisha alichokifuta. "Tupe sababu," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko alivyokusudia.

Hortense alianza kwa Kiingereza, akakwama, akahamia Kiswahili. Okwir, ofisa wa jeshi aliyekuwa akisomea afya ya jamii, alisimama bila kuombwa akawatafsiria wasiojua lugha. Hortense alisimulia milango yenye kufuli, ua, mkono wa yule mtoto, na mwanamke aliyengoja siku nzima kwa kuogopa kulaumiwa.

Aloyo alimsikiliza, na katikati ya maneno yale akajiona kambini Nsambya, ana miaka mitano, amekaa kizingitini kwa jirani wa Kiiteso akisubiri mama yake arudi sokoni. Alilelewa na majirani, tena wengi. Ni kwa nini basi alidhani mama yupo? Alienda ubaoni akaandika swali lile kwa herufi kubwa.

"Nakilini," akasema. "Na chini yake andikeni kwamba mwalimu wenu alilifuta, akakosea. Asante, Hortense. Keti."

Katika wiki zilizobaki walirekebisha mambo mawili. Saa za kutembelea nyumba zikahamia jioni na Jumapili, na majirani wakaingizwa miongoni mwa watakaohojiwa. Andiko likatumwa kwa wafadhili, na baada ya miezi minne jibu likaja, lakini halikuwa la kukubali wala la kukataa. Wasomaji wa lile andiko walitaka kujua: majirani hawa watalindwaje wasigeuzwe washtakiwa? Hortense aliona mlango umefungwa. Aloyo alimwambia hilo ndilo swali zuri kuliko yote waliyoulizwa, nao wakakaa Jumamosi mbili kulijibu. Hakuna jina litakaloandikwa. Hakuna mama atakayeambiwa jirani alisema nini.

Simu ilipolia, Aloyo alikuwa Mengo akimchagulia mjukuu wake sare za shule.

"Mama," Hortense alisema, "wamekubali. Ufadhili wa mwaka mmoja na nusu."

Aloyo alimwomba muuza duka kiti, akakaa. Alimshukuru Mungu kwa Kiacholi, lugha aliyoombea utotoni, na muuza duka akasubiri kwa adabu na sare mkononi.

Wiki ile ile alimwomba Hortense ampeleke Kisenyi. Walimkuta Sharifah akiwaosha watoto miguu kwenye beseni. Alipoambiwa mgeni ni mwalimu wa chuo kikuu, alifuta mikono haraka akatafuta mkeka.

"Nimekuja kukushukuru, dada," Aloyo akasema.

"Mimi? Kwa nini, Mama? Mimi sikufanya kitu."

"Ulimweleza Hortense ukweli. Mimi nafundisha watu wakubwa namna ya kuuliza, na swali lako nilikuwa nimelitupa."

Sharifah alimtazama Hortense, kama anayetaka kuhakikisha hachezewi. Alipoona uso wa Hortense umetulia, alicheka kidogo, akakaa nao. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, jambo alilokuwa nalo moyoni tangu siku ile mtoto wa jirani alipoungua: mtoto wa mtu akiungua tena, afanye nini kwanza?

Hortense akasogea karibu, akavuta lile beseni la maji, akaanza kumwonyesha. Aloyo alivua viatu, akawashika wawili wa wale watoto ili mama yao wa mchana apate kusikia vizuri.