Neno "Amekutaja"

Duka langu la stesheneri lilikuwa Tunduma, upande wa barabara ya kwenda Mpemba, siku zile ambazo bado tulihesabiwa kuwa wa Mkoa wa Mbeya. Nilitoa fotokopi, nikachapa barua za maombi ya kazi, na ukutani nilipanga kompyuta tatu za intaneti. Wateja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliingia na pasi zao wakinisalimu, "Muli shani, bamayo," nami nikaitikia nilivyoweza. Kazi ya tovuti ilinijia kwa sababu nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi sita, na kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa kahawa wa kata ya Ruanda, huko Mbozi. Walitaka watoto wao walio mbali wapate habari za nyumbani, na wao wenyewe waulizane mambo ya shamba bila kusubiri siku ya mkutano.

Nieleze kidogo hapa, maana yanayofuata yanahitaji maelezo haya, na si magumu. Tovuti ni nyumba. Plagini ni programu ndogo unayoichomeka humo ili nyumba iwe na chumba kipya. Yetu ilikuwa ya baraza, mahali ambapo mwanachama anauliza na mwenzake anajibu. Themu ndiyo sura ya nyumba: rangi, ukubwa wa herufi, kipi kitangulie na kipi kifuate. Vyote viwili tulivipata bure kutoka kwa watu wa mbali wasiotujua, vikiwa kwa Kiingereza na vya rangi ya kijivu. Kijivu nilikibadili kuwa kijani cha jani la mbuni. Herufi nilizikuza kwa ajili ya macho ya wazee. Halafu nikatumia wiki tatu kutafsiri maneno. Kitufe cha kuondokea nilikiandika "Toka", nikakiona kama mtu anayefukuza mbuzi, nikakibadili kuwa "Kwaheri".

Palikuwa na sentensi moja iliyonisumbua. Baraza lile lilikuwa na tabia ya kuweka jina la aliyeuliza mbele ya kila jibu, kisha kumtumia muulizaji barua pepe ya kumjulisha kwamba fulani ameandika jina lake. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa ndefu. Mimi nikaimaliza kwa neno moja: amekutaja. Nililipenda neno lile. Fupi, Kiswahili safi.

Aliyeandika habari nyingi kwenye tovuti alikuwa katibu wa kikundi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyemaliza kidato cha nne na kuhudhuria mafunzo mengi ya mabwana shamba kuliko mwanaume yeyote pale Ruanda. Kila Jumatano alishuka Tunduma na daftari lake, akakaa kompyuta ya dirishani, akachapa kwa vidole viwili. Mumewe alikuwa kazini Zambia. Yeye aliishi kwenye kiwanja cha wakwe, na wakwe zake walikuwa watu wenye asili ya Ileje waliohamia Ruanda zamani.

Kwa watu wale mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe wana heshima yao. Hawakai pamoja, hawasemeshani uso kwa uso, wakikutana njiani mkamwana huacha njia. Na jina la baba mkwe hatamki kabisa. Vijana wengi walikwisha kulegeza mambo hayo, lakini mzee yule hakulegeza, wala mkamwana wake hakumwomba alegeze. Jina la mzee, kwa lugha yao, lilifanana na la chombo kimoja cha jikoni. Katibu alikiita "kile cha kupakulia". Watoto wake walikua wakidhani ndilo jina la chombo hicho.

Mzee naye alikuwa mwanachama. Mwanawe alimletea simu ya kuingia intaneti, naye akaja dukani nimwandikishe. Nikamwandikisha kama tunavyoandikisha watu, kwa jina lake kamili. Wiki chache baadaye akauliza swali lake la kwanza barazani: mibuni yake ya juu inapukutisha majani, chini ya jani kuna unga wa rangi ya machungwa, afanye nini?

Jumatano katibu akalisoma swali. Hakusema ni la nani, nami sikufikiri. Alibonyeza kitufe cha kujibu, akachapa jibu refu: hiyo ni kutu ya majani, dawa gani, ipulizwe lini, matawi yapi yakatwe ili hewa ipite. Akatuma, akalipia saa yake, akaenda stendi.

Ijumaa mzee alisimama mlangoni kwangu na kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenitia humu?" Akaniwekea simu mezani. Kwenye kioo palikuwa na jina la mkamwana wake, na mbele yake neno langu: amekutaja.

Nilisoma nikaona hakuna tatizo. "Ni mfumo tu, baba. Maana yake amekujibu swali lako."

"Imeandikwa amenijibu?"

"Imeandikwa amekutaja."

"Basi. Nimesoma hadi darasa la saba, mwanangu. Kutaja nakujua." Aliongea taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mke wa mwanangu amekaa kwangu miaka kumi na moja. Hajawahi kunitaja. Amenitaja kwenye simu, na watu wa Ruanda wote wamepata."

Nikamkalisha. Nikamweleza kwamba jina halikuandikwa na mkamwana wake, kwamba mashine ndiyo iliyolibandika wakati anatuma, na neno la barua pepe nililiandika mimi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na jibu ulilisoma?" nikamuuliza.

"Sikulifungua. Nifungue nikute nini?"

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa nilichofanya. Nyumbani yule mzee asingeweza kumuuliza mkamwana wake habari za mibuni, wala mkamwana asingeweza kumwambia, ila kwa kumtuma mama mkwe, na mama mkwe dawa za kahawa hazimhusu. Barazani waliweza. Mimi nikawaharibia kwa neno.

Siku ileile nilifuta jibu lile, nikafungua mafaili ya plagini, nikatafuta mstari unaobandika jina, nikauondoa. Neno nililibadili. Badala ya amekutaja nikaandika umejibiwa. Nikajisikia nimemaliza.

Hata hivyo habari zilikwisha kwenda. Mwenyekiti wa kikundi alinipigia simu kwamba wajumbe kadhaa wanasema katibu aachishwe kuandika, maana leo ni mkwewe, kesho ni wa nani, na kwamba Jumapili ijayo baada ya ibada watalizungumza ghalani. Akaniomba nifike.

Jumatano katibu alikuja kama kawaida, ila bila habari zake za wiki. Alikuwa na karatasi moja tu, jibu lile la kutu ya majani, amelinakili upya.

"Nataka alipate kabla ya Jumapili," akasema. "Wakisema niache, nitaacha, dada. Siwezi kugombana na mzee kwa ajili ya kompyuta. Lakini mibuni haijui kikao."

"Huachi. Nimesharekebisha," nikamwambia, nikiwa na uhakika wote.

Akakaa. Akafungua swali, akabonyeza kitufe. Kisha akarudisha kiti nyuma kama aliyeona nyoka kwenye kisanduku cha kuandikia.

"Dada. Limerudi."

Nikaenda kuangalia. Jina la mzee lilikuwa limesimama ndani ya kisanduku, na ile alama ya a yenye mkia mbele yake, likimngoja aendelee. Na vitufe vyote vilikuwa vimerudi kwenye Kiingereza.

Kosa lilikuwa langu tena. Asubuhi ile, kabla sijafungua duka vizuri, tovuti ilinionyesha kwamba kuna toleo jipya la plagini, nikabonyeza kukubali. Toleo jipya likija halirekebishi mafaili ya zamani. Linayafuta na kuweka mengine. Kila nilichoandika humo kilifutwa pamoja nayo. Isitoshe, waliolitengeneza walikuwa wameamua jina litokee mapema, hata kabla hujaandika neno.

"Ondoka hapo kwanza, mdogo wangu," nikamwambia. "Usiguse chochote."

"Niguse nini? Nimefumba macho."

Nikaeleza huku nikifanya, kwa sababu ndivyo nilivyo, na kwa sababu aliuliza. Nikamwambia kwamba themu inaweza kuwa mzazi, na unaweza kuitengenezea mtoto. Mtoto ni folda yako mwenyewe. Mle unaandika yale tu unayotaka yawe tofauti. Mengine yote mtoto anayachukua kwa mzazi. Toleo jipya likija linambadilisha mzazi, mtoto haguswi.

"Kwa hiyo mtoto ndiye mkubwa?"

"Pale tu aliposema neno lake. Asiposema, la mzazi ndilo linalofuatwa."

"Mwambie mzee hivyo uone," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo.

Nikatengeneza folda ya mtoto, nikahamishia humo kijani chetu. Humo humo nikaandika amri ya kuizuia plagini isilete jina. Tafsiri zangu, umejibiwa ikiwamo, ambazo bahati nzuri nilikuwa nazo kwenye diski, nikazihifadhi mahali ambapo toleo jipya halifiki. Nikahifadhi kila kitu, nikafungua tovuti. Ukurasa ukawa mweupe. Si kijivu, si kijani, mweupe kama karatasi ya fotokopi kabla haijaingia mashineni.

Katibu aliutazama. "Sasa umefuta kikundi chote."

Ukurasa mweupe unatisha, lakini nawaambia wanaoanza kwamba ni ishara njema kiasi. Mara nyingi maana yake ni kosa moja dogo, na liko kwenye kitu cha mwisho ulichokigusa. Usiguse vingine kumi kwa hofu. Niliingia kwenye mafaili kwa mlango wa nyuma, upande wa wanaotuhifadhia tovuti, nikabadili jina la folda ya mtoto ili tovuti isiione. Ikarudi, ya kijivu, na Kiswahili chetu kikiwa mahali pake. Basi kosa limo ndani ya mtoto. Nikafungua amri niliyoandika, nikamwomba katibu asome mstari mmoja mmoja na mimi, yeye kwenye karatasi ya mfano niliyoichapa, mimi kwenye kioo.

Alikuwa msomaji mzuri kuliko mimi. "Mabano, mabano, mkunjo," alisoma, akifuata kwa ncha ya kalamu. "Halafu hapa mwisho kuna nukta yenye mkia."

"Nukta-mkato."

"Kwako ipo?"

Haikuwapo. Nikaiweka, nikairudishia folda jina lake. Kijani kikarudi, na kitufe kikasema Jibu. Akabonyeza mwenyewe, akiwa ameinama pembeni ili awe tayari kuangalia kwingine. Kisanduku kilikuwa kitupu. Akakitazama muda, akachapa jibu lake, mbele akaanza na neno "Baba", akatuma.

Jumapili nilipanda gari hadi Ruanda. Ghalani wanaume walikaa kwenye magunia, wanawake kwenye mabenchi karibu na mlango. Katibu alikaa upande wa nje kabisa, nyuma ya ukuta, kwa sababu mkwewe alikuwa ndani. Mwenyekiti alieleza shauri. Mjumbe mmoja akasema mashine zimeleta utovu wa adabu. Mwingine akasema bora katibu awe mwanaume, hana baba mkwe wa kumkwepa. Akajibiwa na mwanamke mmoja, "Ana mama mkwe. Au wewe wa kwako unamwita kwa jina?" Watu wakacheka, yule mjumbe akatazama chini.

Mzee alisimama mwisho. Akasema yeye ndiye aliyetajwa, kwa hiyo anaomba aseme. Alisema Jumatano alipata ujumbe mwingine, umeandikwa umejibiwa, akaufungua. Akasema kutu ya majani aliijua kwa macho lakini hakuijua kwa dawa.

"Mke wa mwanangu hakunitaja," akasema. "Aliyenitaja yuko pale." Akaninyooshea kofia yake. "Kwetu mtu akikosea hivyo analeta kuku. Sasa sijui mtu wa Tunduma analetaje."

"Kwa basi, baba," nikasema.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno juu ya katibu. Wakajibu hakuna. Akafungua daftari akaendelea na ajenda ya mbolea.

Nilipeleka kuku wiki iliyofuata, jike jekundu, nimemfunga miguu kwa kamba ya mkonge. Mzee alimpokea kwa mikono miwili, akampima uzito, akasema inatosha. Akanichukua nyuma ya nyumba kunionyesha mibuni ya juu. Matawi yalikuwa yamekatwa, na majani yaliyobaki yalikuwa na madoa ya bluu ya dawa.

Tukiwa pale katibu alikuwa jikoni, mlango umefungwa nusu. Hakutoka. Sauti yake ndiyo iliyotoka, ikielekezwa kwangu.

"Dada, mwulize baba kama alipuliza na upande wa chini wa jani. Kutu inakaa chini."

Nilimgeukia mzee, nikafungua mdomo kuuliza. Naye alikuwa akiangalia mbuni, akiwa amekwisha kushika jani moja na kuligeuza.

"Mwambie upande wa chini bado," akasema. "Nitapuliza kesho. Na mwambie aandike kule barazani, na wengine wasome."