Kochi Lililolia

Fundi wa makochi wa mtaa ule alikuwa mwanamke ambaye sauti yake ilimtangulia kona mbili. Watu walimwita Spika, naye akaitika bila kinyongo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: sponji zimerundikwa hadi darini, majora ya vitambaa yameegemea ukuta, na yeye katikati, misumari midogo ameibana midomoni na bado anapata upenyo wa kuongea.

Dada yake mkubwa alipohamia kwa mwanawe, kwenye ghorofa wasikoruhusu wanyama, Spika alijitolea kuwachukua paka wake wawili, watu wazima kabisa. Dume la rangi ya machungwa alimwita Shemeji, maana ametoka kwa dada. Jike la kijivu akamwita Bibie, kwa vile aliwatazama watu kama vile amewaajiri.

Akafungua tenga katikati ya karakana. "Karibuni! Jisikieni nyumbani!"

Bibie akapotelea nyuma ya majora. Shemeji akapanda pazia, akashuka nalo, akaingia chini ya kabati.

Mumewe, dereva wa lori mstaafu asiyependa maneno mengi, alikuwa anakunywa chai. "Umewasomea hotuba," alisema.

Spika hakukata tamaa. Blanketi walilokuja nalo lilinuka, akalifua kwa sabuni nyingi. Akawafuata uvunguni na vipande vya samaki huku akiwabembeleza, na kadiri alivyobembeleza ndivyo walivyozidi kujikunja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba wakati wa kula walitoka kimyakimya na kwenda kuketi karibu na miguu ya mumewe, mtu ambaye hakuwahi hata kuwasalimu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mumewe alitania. "Hawa jembe wamelikataa, na mwenyeji pia wamemkataa."

Spika akampigia dada yake simu.

"Umelifua blanketi?" dada alishangaa. "Mdogo wangu, umewafutia nyumba yao! Paka anajua kwake kwa pua. Nitakuletea sweta langu, na usithubutu kulifua. Wape chumba kimoja kwanza, kidogo, chenye mlango. Halafu keti humo ufanye kazi zako. Usiwaangalie, usiwaite. Waache wakufuate wao."

"Nisiwaite? Na niongee na nani?"

"Na sindano."

Basi Spika akawahamishia stoo ya vitambaa, akawawekea boksi la mchanga pembe moja na chakula pembe nyingine, sweta la dada likawa katikati. Kila asubuhi aliketi sakafuni, mgongo kawapa, akishona mito kwa mkono. Kunyamaza kulimtoa jasho. Lakini mara akaanza kusikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia: uzi ukipita kwenye kitambaa, paka akilamba manyoya, na hatimaye pumzi ndogo iliyomnusa kisigino. Hakugeuka. Machozi yalimlenga, akaendelea kushona.

Alipoona wametulia, akaanza kuacha mlango wazi. Hapo ndipo muuguzi mstaafu alipokuja kuchukua kochi lake, na wabebaji wawili. Walipoliinua, kochi likalia.

"Nyau!"

Wabebaji nusura waliachie. "Mama, hili kochi lina mtu!"

Kitambaa cha chini kilikuwa bado hakijapigiliwa upande mmoja, na ndani ya ule mwanya ukaonekana mkia wa machungwa.

"Liinamisheni tu, ataanguka," alisema muuguzi. "Nina wageni, fundi."

Kila mtu akasubiri Spika angurume. Badala yake alinong'ona: "Liwekeni chini, taratibu. Tukimtikisa leo, ataniogopa mwaka mzima. Nakuomba, dada, keti kidogo."

Mnong'ono ule uliwashtua kuliko kilio cha kochi. Muuguzi akaketi juu ya rundo la sponji, wabebaji kizingitini. Spika akajilaza sakafuni, akanyoosha mkono. Wakasubiri hadi mbebaji mmoja akasinzia. Kisha Shemeji akatoa pua, akatoa masharubu, akajivuta mzima nje, akapanda juu ya mgongo wa fundi na kuanza kukoroma kwa raha.

Muuguzi akashika mdomo asicheke kwa sauti. "Basi na wageni wangu watakaa mkekani," alisema. "Mwache amalize usingizi wake."

Tangu siku hiyo paka wakajitwalia karakana yote. Dada mkubwa alipokuja kuwatembelea, alipiga magoti mlangoni na mikono wazi. Shemeji akamnusa kiatu kwa adabu, akarudi zake mapajani kwa Spika. Bibie alifumbua jicho moja tu.

"Haya, mmeniuza mchana kweupe," dada alisema, akicheka na kupangusa macho. Akavuta kigoda, akaketi kando ya mdogo wake, na Spika akammiminia chai kwa mkono mmoja, kwani ule mwingine ulikuwa umelaliwa.