Manete ya Mdogo Wetu

Baba yetu alipima ubora wa kitu kwa mkono. Redio, pasi, hata kufuli: alikiinua, akakishikilia hewani kidogo kana kwamba anasubiri kiseme, kisha akaamua. Kizito ndicho kizuri. Chepesi alikirudisha kwenye meza ya muuzaji bila maneno mengi. Ndivyo alivyonunua televisheni yetu. Na ndivyo nilivyofanya mimi, miaka mingi baada ya kifo chake, katika duka moja katikati ya mji wa Lubumbashi. Niliinua kompyuta mbili za michezo mbele ya watu, moja baada ya nyingine.

Mdogo wetu wa mwisho, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, alijifunika uso. "Yaya, acha! Unapima mihogo?"

Tulikuwa tumetoka nyumbani, mtaa wa Annexe, asubuhi, mimi na yeye. Yeye anasoma chuo, na pamoja na wenzake wawili anatengeneza michezo ya kompyuta kwenye mashine kuukuu ya kuazima. Mimi niliacha shule wazazi walipofariki, nikaingia karakana ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, na mpaka leo niko huko. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akipita mwaka wa kwanza atapata kompyuta mpya kabisa. Alipita.

Zilikuwa mbili, zote zimeunganishwa tayari, za bei moja. Nyeusi ilikuwa ya chuma, nzito, na kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme kilinipendeza mara tu nilipochungulia. Nyeupe ilikuwa na ubavu wa plastiki unaoonyesha ndani, na taa zinazobadilika rangi. Ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu. Lakini kadi yake ya picha ilikuwa na nguvu zaidi, na huyo mdogo wangu hakuangalia kitu kingine.

"Papa, patia mutoto ile njo anapenda," akasema mama muuzaji.

"Haiko papa. Ni yaya yangu."

"Yaya? Eh! Basi maisha ilimuchapa mapema!"

Tulicheka wote. Kisha nikasema nilichokuwa nacho moyoni kuhusu umeme wetu. "Ile nyeupe itaungua. Courant ya kwetu unaijua, saa hii iko chini, saa ingine inapanda. Ile iko mwepesi, ndani hamuna kitu."

"Yaya, ile nyeusi haitabeba kazi yangu. Nitakuwa tu kungojea."

"Mama," nikamwambia muuzaji, "tujaribishe nyeusi."

Kwetu kitu cha umeme hakitoki dukani kabla hakijawashwa mbele ya mnunuzi, maana ukishavuka mlango ni chako na ubovu wake. Mama akaanza kuchomeka nyaya. Mdogo wangu hakubisha tena. Alisimama tu, mikono nyuma, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Yaya, usinipatie tena manete ile haina fil."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini nilikuwa nimesikia.

Siku moja, zamani, baba alirudi kutoka kazini na mashine ya michezo ya kuunganisha na televisheni, iliyotumika, imefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa na manete tatu, vile vidude vya kushika kwa mikono miwili. Mbili zilifanya kazi: moja yangu, moja ya mdogo wangu anayenifuata. Ya tatu fil yake, yaani waya wake, ilikuwa imekatika. Tulimpa huyu wa mwisho, aliyekuwa hajaota meno yote, na kile kipande cha waya tukakificha chini ya mkeka asikione. Aliketi katikati yetu, ulimi nje, akibonyeza kwa bidii kuliko sisi. Gari langu likigonga ukuta, anapiga kelele kwamba ni yeye. Mama yetu, mikono yake ina unga, alikuja mlangoni kumsifu binti yake: "Bravo, mama! Bapige bote!" Baba alicheka mpaka akavua miwani.

Baada ya mazishi ya mama niliuza televisheni, na mashine nayo. Manete ile ya tatu ilibaki, hakuna aliyeitaka. Mdogo wetu alilala nayo mpaka vibonyezo vikatoka. Miaka yote niliamini kwamba hakujua.

"Ulijua?" nikamuuliza pale dukani.

"Tangu zamani. Kama ningesema, mungenifukuza kwenye mukeka."

Mama muuzaji alikuwa ameshika waya, anatutazama. Tangu siku ile ya mazishi mimi ndiye niliyechagua viatu vya huyu mtoto, shule yake, hata kanisa la kwenda naye. Nilitazama mikono yake aliyoificha nyuma.

"Mama, chomoa nyeusi. Ajaribishe nyeupe, yeye mwenyewe."

Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akafungua kazi yake. Alimuuliza muuzaji swali ambalo sikulielewa, na jibu pia sikulielewa. Alitabasamu. Tukainunua.

Hofu yangu haikuwa ya uongo, kwa hiyo nilimkataza kuiwasha nyumbani kabla sijamaliza kazi. Jumapili nzima baada ya misa nilisuka shaba kwenye chuma, nikatengeneza kisawazisha umeme, kama vile ninavyowatengenezea wenye majumba ya mtaa wa Golf. Kilikuwa kizito, tulikibeba wawili.

"Papa angependa hii," akasema, akihema.

Tukachomeka. Mashine ikawaka, rangi zake zote zikicheza ukutani. Akanipa manete mpya. Niliigeuza, nikaipapasa kotekote kwa vidole.

"Fil yake iko wapi?"

Alicheka mpaka yule mdogo wangu mwingine akaja mbio kutoka uani. "Yaya, siku hizi zote haina fil! Finya tu."

Nilibonyeza. Kwenye kioo kijitu chekundu kikaruka juu ya ukuta.

"Ni miye?"

"Ni weye."

Nikabonyeza tena.