Wanja wa Samli

Jumamosi iliyopita niligombana na muuzaji wa vipodozi pale kituo cha Kongo, Kawangware, na sijuti. Nilikuwa natafuta wanja usionichoma, maana macho yangu tangu utotoni hayavumilii upuuzi. Akanisukumia kichupa akisema ni natural, haina chemical. Nikamuuliza umetengenezwa na nini. Hakujua. Nikaomba kupaka kidogo mkononi nirudi kesho, akanicheka. Nikamwambia aliyenifundisha wanja hangempaka hata mbuzi takataka ile.

Aliyenifundisha, nikiwa mtoto, alikuwa jirani yetu Makina, kule Kibera, mwanamke mzee wa Kinubi. Alichovya utambi wa pamba kwenye samli, akauwasha, akaufunika kwa sahani ya bati. Masizi yaliyoshika aliyakwangua kwa kijiko na kuyalainisha kwa tone la samli. Mpaka leo nikisikia harufu ya samli inayoungua nammisi. Lakini hakukupaka machoni siku hiyo. Alikupaka ndani ya kiwiko, akakurudisha kwenu, akisema ngozi ipewe siku moja ijibu. Nilichukia sana kungoja.

Jumapili moja nilikuwa niimbe mbele ya kanisa, na jirani amesafiri tangu Ijumaa. Nikajiambia masizi ni masizi. Nikakwangua tako la sufuria yetu, ile ya stovu ya mafuta ya taa, nikachanganya na mafuta ya kupikia na kujipaka. Wimbo wa pili haujaisha, macho yalikuwa yamevimba kama mandazi. Mama alitaka kujua jambo moja tu, nani amenipaka. Niliogopa kichapo. Nikamtaja jirani.

Jirani aliporudi jioni ile, hata mzigo hajautua, mama, akiwa bado na nguo za kanisa, aliniburuta hadi mlangoni pake. Alimwita mchawi mbele ya wapangaji wa ploti nzima, akasema alitaka kunipofusha. Yule mzee aliniinamia, akanusa uso wangu. Yalikuwa mafuta ya taa matupu. Alijua.

"Mwoshe mtoto na maji safi, mama," akasema. "Hayo mengine tuache."

Hakunisema. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi, kwa sababu angenisema ningepigwa na yangeisha. Badala yake ploti ikaacha kumsalimia, na utambi sikuuona tena. Baadaye nyumba zile zilibomolewa, kila mtu akaenda kwake, na nikiuliza alikohamia hakuna anayejua. Hata jinsi ya kukata ule utambi nimesahau.

Siku hizi mama anakaa nami mtaani Olympic. Akishiba huwasimulia binti zangu habari za mchawi wa Makina aliyetaka kunitoa macho, na wao humsikiliza wakijifunika shuka. Mimi huwa nimekaa papo hapo, mtu mzima mwenye watoto wake, nikikoroga chai. Sijawahi kumkatiza.