Waya wa Spika

Mvua ya radi ilikatika nikimalizia kuweka toleo jipya la mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta yetu nyumbani Nyakato. Sauti ikawa haitoki. Sebuleni ndugu waliotoka Kisesa walisubiri kusikia maneno ya marehemu baba, niliyoyarekodi mwenyewe. Nikabadili mipangilio ya kadi ya sauti, nikazima, nikawasha. Kimya. Nikalitukana hilo toleo jipya. Mama alifungua mdomo mara tatu, na mara tatu nikamkatiza: “Mama, haya mambo huyajui!”

Mwishowe akainama nyuma ya meza. “Radi zilipoanza nilifunika kioo cha kujitazamia kisivute radi, nikachomoa waya wa spika. Kompyuta yenyewe ulikataa kuizima.”

Akauchomeka. Baba akasikika, akimsalimia mama kwanza.